Kabla Daraja Halijakatika: Kuagiza Modeli ya Ugavi wa Maafa kwa Kilosa na Mikumi

Sehemu kubwa ya maji yaliyoingia Kilosa mjini mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 haikunyesha Kilosa. Ilinyesha juu, upande wa Dodoma na Mpwapwa, ikakusanywa na mto Kinyasungwe, ikapita Gulwe na Godegode, ikaingia kwenye bonde jembamba ambalo Wajerumani walipitisha reli zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ilipofika Kilosa mto ulikuwa umebadili jina, unaitwa Mkondoa, na tuta la kuukinga mji likashindwa. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi.

Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila na Magole. Mafuriko yakabomoa daraja kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, na njia ya kawaida ya kutoka Morogoro mjini kuja Kilosa ikafungwa pamoja nalo. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, upande wa Gairo, likakatika kwenye barabara hiyo hiyo. Yaweke matukio haya matatu juu ya ramani moja. Utaona kwamba mvua inayowaleta wahitaji ndiyo hiyo hiyo inayofunga njia ya kuwafikia.

Kwa hiyo, kama wewe ni mratibu wa maafa wa halmashauri, afisa ugavi, mganga mkuu wa wilaya au mtu wa shirika la misaada, na umepata fedha za kutengenezewa modeli ya uigaji ya ugavi, umepata jambo jema. Mwongozo huu ni wa kukusaidia lisiharibike. Hoja yangu ni moja: nunua jibu la swali lako, usinunue programu. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Modeli ya uigaji ni msimu wa mvua unaochezwa ndani ya kompyuta. Unaipa barabara, madaraja, stoo, malori na idadi ya watu. Kompyuta inarusha kete: mvua kubwa imeanguka tarehe fulani, daraja fulani limeondoka, mafundi wametumia siku 4 au 14 kulirudisha, watu 2,000 au 6,000 wamehamia shuleni. Malori yanatoka, mengine yanafika, mengine yanakwama. Unga unapungua, maji yanaisha. Msimu ukimalizika unaanza mwingine, hata mara 1,000 kwa mchana mmoja. Haikuambii mwaka huu kutatokea nini, na mtaalamu akikuahidi hivyo usimpe kazi. Inakuambia mpango wako unavunjika wapi, na mara ngapi.

Usiichanganye na modeli ya mafuriko, inayokokotoa maji yatapanda hadi wapi. Hiyo ni kazi ya wahaidrolojia, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iliyopo Morogoro ndiyo pa kuanzia. Shirika la misaada la Japani, JICA, nalo lilikwisha kufanya upembuzi wa kuikinga reli kwenye bonde la Mkondoa. Yachukue waliyoyapata, usilipie mara ya pili.

Swali kabla ya hadidu za rejea

Swali zuri lina njia, lina siku, lina bidhaa na lina kikomo cha uvumilivu. Kwa mfano: njia ya Dumila ikifungwa siku 10 ndani ya Januari, na ile ya kutoka Mikumi kupitia kata ya Ulaya isipitike kwa lori zito, ni akiba gani iwe imeshawekwa Kilosa mjini na ipi Mikumi ifikapo Novemba 30, ili kaya yoyote isikae zaidi ya saa 48 bila maji salama? Swali la namna hii linambana mtaalamu, na linakubana wewe pia. Linganisha na sentensi inayopendwa kwenye hadidu za rejea, ya kuandaa mfumo shirikishi wa kidijitali wa kuimarisha ustahimilivu. Sentensi hiyo hujibiwa na chochote, na mara nyingi hujibiwa na kitu ambacho mtaalamu alikwisha kukitengeneza kwa ajili ya nchi nyingine.

Kando ya swali andika cheo cha atakayelitumia jibu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa hadi kijiji. Kamati ya wilaya ipo chini ya Mkuu wa Wilaya, fedha za halmashauri zipo kwa Mkurugenzi, funguo za stoo zipo kwa mtu wa tatu. Waite watatu hao, uwaulize mbele ya wote: modeli ikionyesha kwamba nusu ya akiba inapaswa kuhamia Mikumi, nani atasaini, na lori la kuihamisha litatoka wapi? Kama hakuna mwenye jibu, fedha hizo zinunulieni maturubai na ndoo. Nasema hivi kwa moyo mweupe. Maturubai 500 yaliyopo stoo yanamfaa mtu wa Tindiga kuliko ripoti iliyofungwa kabatini.

Milango ya Kilosa

Kilosa mjini ina mlango wa kaskazini, kutoka Dumila kupitia Rudewa, na mlango wa kusini, kutoka Mikumi kupitia Ulaya, kipande cha zaidi ya kilomita 70. Mikumi yenyewe imekaa kwenye barabara ya Tanzam, kwa hiyo ina maduka, magereji, vituo vya mafuta na malori yanayopita usiku na mchana kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia. Ukiitazama haraka utasema Mikumi haiwezi kukosa kitu. Lakini ukitokea Morogoro huifikii kabla ya kuvuka tambarare ya Mkata na kilomita zipatazo 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa, ambako mwendo una kikomo kwa ajili ya wanyama. Mtaalamu aliyeketi Dar es Salaam anaweza kukiandikia kipande hicho kilomita 80 kwa saa. Mkutanishe na dereva wa Fuso kabla hajaandika.

Machi 2019 kimbunga Idai kiliikata Beira, Msumbiji, na barabara yake kuu ya kwenda bara, na mji wenye bandari na uwanja wa ndege ukabaki kama kisiwa. Mikumi, isiyo na bandari, inaweza kukatika vivyo hivyo.

Milango miwili haitoshi kuandikwa kama mistari miwili. Taka kila kipande cha barabara kiwe na maelezo yake: urefu, lami au changarawe, makalavati yaliyopo, gari zito kuliko yote linaloweza kupita udongo ukiwa umelowa, na siku ambazo kufungua njia huchukua. Barabara kuu na za mkoa waulize TANROADS; za wilaya waulize TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Huko Vidunda, Malolo na Uleling'ombe milimani, swali la lori huenda lisiwepo kabisa. Huko modeli ihesabu pikipiki, punda na mabega ya watu, na uzito wa kila mzigo upangwe hivyo.

Reli nayo iingie, lakini kwa hali yake ya siku ile. SGR inayoanzia Dar es Salaam, iliyofika Dodoma kwa huduma za abiria Julai 25, 2024, ina stesheni Kilosa. Ipo reli ya zamani ya mita moja kwenye bonde la Mkondoa, na lipo tawi lake la Kilosa–Mikumi–Kidatu. Mstari uliochorwa kwenye ramani hauna maana ya behewa. Uliza TRC mabehewa mangapi yanaweza kuletwa ndani ya siku tatu na nani atapakua, kisha namba hiyo ndiyo iandikwe, hata kama ni sifuri.

Fuata pia bidhaa hadi zinakotoka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala makubwa Kizota, Dodoma. Shehena ikitoka huko kuja Kilosa kwa barabara inapita Gairo na Kiyegeya, halafu Dumila. Kiyegeya ikiondoka, hata Magole ikiwa salama, mzigo huo utazunguka Mtera na Iringa na kuteremka hadi Mikumi, na mlango wa kusini utageuka kuwa wa mbele. Kisha kuna jambo ambalo watengenezaji wa modeli hulisahau: wakala hutunza mahindi ya punje. Kati ya ghala na sufuria kuna mashine ya kusaga, na mashine inataka umeme au dizeli, vitu vinavyokatika siku ya mafuriko. Modeli isiyo na mashine ya kusaga itakuonyesha watu wameshiba siku ambayo wamekaa juu ya magunia.

Hesabu ya kambi moja

Kabla mtaalamu hajaletwa, fanya hesabu ndogo kwa mkono. Itakusaidia kumkagua. Chukua watu 5,000 waliokusanyika kwenye shule na viwanja, kwa siku 14. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinasema mtu mmoja apate walau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250, na choo kimoja kihudumie watu 50 siku za mwanzo, baadaye 20. Nafaka tuweke gramu 400 kwa mtu kwa siku.

Unga ni tani 2 kwa siku, tani 28 kwa wiki mbili. Fuso zinazobeba tani 7 zinaupeleka wote kwa safari nne. Maji ni lita 75,000 kwa siku. Boza la lita 10,000 litakwenda safari nane kila siku, siku zote 14, yaani zaidi ya safari 100, likila dizeli kwenye barabara ile ile iliyolowa. Vyoo ni 100 kwa haraka, 250 baadaye. Mabomba 20.

Sasa umeona kitu ambacho vikao vingi vya maafa havikioni kwa sababu wanaokaa mezani huanza na unga: kinachomaliza malori ni maji. Badili njia moja tu. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Lita 75,000 ni vidonge 3,750 kwa siku, mzigo ambao kijana wa bodaboda anauweka kwenye begi. Maji ya Mkondoa wakati wa mafuriko si maangavu, kwa hiyo unahitaji matangi ya kutuamishia, vitambaa vya kuchujia na watu waliofundishwa, na vyote hivyo viwe vimefika kabla. Lakini safari 100 za boza zimepungua kuwa chache. Modeli iliyotengenezwa vizuri inalinganisha njia hizi mbili kwenye misimu 1,000 na kukuonyesha ni ipi inawaacha watu na kiu mara chache zaidi. Kama hadidu za rejea hazimruhusu mtaalamu kubadili njia, zikimtaka tu ahesabu malori, hutaliona hilo kamwe.

Namba moja isikae peke yake. Mtaalamu akikuandikia kwamba watu watakuwa 5,000, mrudishe. Taka kima cha chini, cha kati na cha juu, pamoja na sababu ya kila kimoja. Sensa ya 2022 itakupa idadi ya watu. Mtendaji wa kijiji atakupa kile ambacho sensa haisemi: nani huhamia kwa ndugu, nani huhama na mifugo, mtaa upi hukataa kuondoka mpaka maji yafike dirishani.

Maji yakishapungua

Mipango mingi huishia kwenye kambi. Mimi ningependa nusu ya modeli yako ianzie siku ambayo kamera zimeondoka. Kurejea kwa maisha kuna ugavi wake, na ugavi huo una tarehe kali kuliko ule wa unga.

Chukua mbegu. Mkulima wa Rudewa au Kimamba aliyepoteza shamba Januari bado ana masika mbele yake. Mahindi yanataka kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ekari. Kaya 1,000 zikipewa mbegu za ekari moja moja ni tani 10 hivi, malori mawili, kazi ndogo. Lakini mbegu zikifika Mei hazina kazi, na kaya hizo zitahitaji unga mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo modeli ihesabu gharama ya kuchelewa: kila wiki ambayo mbegu imechelewa baada ya katikati ya Machi inaongeza tani ngapi za chakula cha msaada huko mbele? Ukimpelekea Mkurugenzi namba hiyo, mbegu zitaacha kuwa mstari wa mwisho kwenye orodha.

Weka na hivi pia: bati na saruji, dawa za watu wanaotumia ARV na dawa za kifua kikuu ambao vidonge vyao vimekwenda na maji, vyandarua, madaftari, na vifaa vya kusafisha visima. Dawa za kila siku zisisubiri awamu ya pili. Ziko kwenye saa 72 za kwanza, na Bohari ya Dawa ihusishwe tangu kikao cha mwanzo.

Halafu uliza kama kweli ni lazima upeleke vitu. Mikumi mjini, maduka yakiwa wazi na barabara kuu ikipitika, fedha taslimu kwa simu huenda zikamfikishia mtu bati mapema kuliko lori lako, na mwenye duka naye akarudi kwenye miguu yake. Kidete au Uleling'ombe, ambako duka lenyewe linategemea njia iliyokatika, fedha zitapandisha bei tu. Modeli ijaribu yote mawili, mji kwa mji, badala ya kuchagua sera moja ya wilaya nzima.

Taarifa utazitoa wapi

Leja za stoo. Anza na hizo, hata kama zimelowa na zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Zitakuonyesha bidhaa zilitoka lini na zikafika lini, na tofauti ya tarehe hizo mbili ina thamani kuliko programu yoyote. Kisha logi za magari, vocha za mafuta na kumbukumbu za vikao vya kamati. Mvua ina hazina yake: mbali na vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), makadirio ya CHIRPS yanayotokana na satelaiti yanarudi nyuma hadi 1981 na ni bure. Satelaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014, huona maji hata chini ya mawingu, na picha zake nazo hazilipiwi. Barabara na nyumba nyingi zimeshachorwa kwenye OpenStreetMap. Wanafunzi wakiwa na programu ya ramani ya QGIS wanaweza kuziba mapengo kwa wiki chache.

Usiweke majina ya watu. Idadi zinatosha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Kumpata mtaalamu na kumkagua

Kwa wilaya, sikushauri kampuni kubwa ya mbali kama chaguo la kwanza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro, jirani tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi vina watu wa hesabu, wa ramani na wa uhandisi. Timu ndogo yenye mtu wa uigaji, mtu wa ramani na ofisa mmoja aliyewahi kugawa misaada kwa mikono yake inatosha. Huyo wa tatu asikosekane. Kama ni fedha za umma, utaratibu wa ununuzi utapita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo hadidu za rejea ziandikwe mapema na kwa lugha isiyo na mianya.

Kwenye mkataba dai mambo haya: msimbo wote na taarifa zote ni mali ya halmashauri, modeli ifunguke kwenye kompyuta mpakato ya kawaida bila intaneti, maana siku ya mafuriko intaneti inaweza isiwepo, mwongozo uwe wa Kiswahili, na hakuna nywila inayobaki mfukoni mwa mtu mmoja. Sehemu ya mwisho ya malipo, na isiwe ndogo, ilipwe siku ambayo maofisa wako wawili wamebadilisha namba na kuiendesha modeli wenyewe, mtaalamu akiwa kimya pembeni.

Ukaguzi wenyewe si mgumu kama unavyodhaniwa. Mpe mtaalamu mvua na njia zilizofungwa za Januari 2014, lakini mfiche yaliyotokea baadaye. Modeli yake ieleze upungufu ungetokea wapi. Kisha waite madereva, watendaji wa kata na watunza stoo waliokuwepo, waseme wanalitambua tukio au hawalitambui. Rudia kwa 2009/10. Halafu fanya majaribio ya kijinga kwa makusudi: futa malori yote uone kama watu bado wanakula, ongeza malori mara kumi uone kama upungufu unapungua, liondoe daraja la Dumila uone kama mzigo unageukia Mikumi. Matokeo yasipobadilika, kuna kitu kimefungwa ndani kwa mkono, na usisaini.

Muda ndio ulio mdogo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Zabuni ikitoka Julai, taarifa zikakusanywa Agosti na Septemba, modeli ikakaguliwa Oktoba, mnabaki na Novemba ya zoezi la mezani pamoja na madereva, na ya kuhamisha akiba kwenda Kilosa na Mikumi njia zikiwa kavu. Mafuriko ya 2009 yalifika kabla Desemba haijaisha. Kikao cha kuandika swali hakihitaji zabuni wala fedha: kiiteni wiki hii, na mtunza stoo awe wa kwanza kualikwa.